Jinsi ya kupima kutu ya nondo ndani ya zege: kwa mafundi na wenye nyumba wa Lamu na Malindi

Maswali yanayonifikia kuhusu zege linalopasuka huwa ni yale yale. «Fundi, huu ufa ni wa plasta au wa nondo?» «Nikibandua hapa nikapiga plasta upya, si yatakwisha?» «Jirani ameambiwa avunje slebu nzima, na mimi nivunje?» Na picha inayokuja pamoja na swali ni moja: ukingo wa baraza ya ghorofani, doa la hudhurungi, kipande kimeanguka, nondo inachungulia. Kwa picha hakuna wa kukujibu. Vipimo ndivyo vinavyojibu, na vingi kati ya hivyo fundi makini anaweza kuvifanya mwenyewe bila mtambo wa bei kubwa.

Mambo mawili kabla hatujaanza. Kwanza, ikiwa nyumba yako ni ya mawe na chokaa, na dari yake ni ya boriti za mikoko, hapo hapana nondo na mwongozo huu haukuhusu. Lakini chunguza vizuri: nyumba nyingi za zamani zimeongezewa slebu, bimu au ngazi ya zege, na humo ndimo kutu huanzia. Humu nitasema «bimu» kwa ile ya zege, ili isichanganywe na boriti ya mkoko. Pili, vipimo hivi vinakwambia kutu iko wapi, imeletwa na nini, na chuma kilichobaki ni kiasi gani. Kuamua kama slebu bado inaweza kubeba watu ni kazi ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa. Wewe mpe namba, yeye apige hesabu.

Nadharia nitaipitia haraka. Zege zuri lina alkali kali, pH (kipimo cha ukali wa alkali) kati ya 12.5 na 13.5, na ndani ya alkali hiyo nondo hujivika utando mwembamba unaoizuia kupata kutu. Utando huo una maadui wawili. Hewa ya kaboni huingia polepole kutoka nje na kuishusha pH hadi utando unakosa nguvu. Chumvi, yaani kloraidi, huutoboa utando hata pale pH ikiwa bado iko juu. Kutu ikishaanza hujaza nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, mara mbili hadi sita, na msukumo huo ndio unaolipasua zege. Kwetu pwani adui mkubwa ni chumvi, lakini usikisie. Pima.

Vitu vya kuwa navyo

- Nyundo nyepesi ya nusu kilo, tindo, drili ya nyundo na brashi ya waya.
- Miwani ya kazi, glavu za mpira na barakoa ya vumbi.
- Kalipa ya kupimia kipenyo, tepu, chaki, daftari na simu ya kupigia picha.
- Mita ya umeme ya dijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 au zaidi. Zile za kidijitali za kawaida zinafaa. Ya mshale weka kando.
- Waya mrefu wenye klipu ya mamba, na sponji.
- Fenoftalini, dawa inayogeuka waridi penye alkali, ya asilimia 1 iliyoyeyushwa kwenye spiriti, katika chupa ya kupulizia. Wauzaji wa vifaa vya maabara za shule huwa nayo.
- Elektrodi ya shaba na mrututu. Ya kununua ni bora, ila ya kutengeneza mwenyewe inafanya kazi.
- Mifuko midogo ya plastiki inayofungika, na kalamu isiyofutika.
- Kifaa cha kutafuta nondo na kupima kava (unene wa zege juu ya nondo), ikiwa una mahali pa kuazima.

Elektrodi inatengenezwa hivi. Chukua bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 2 au 3, urefu wa kiganja. Chini lizibe kwa kipande cha mbao laini kilicholowekwa usiku kucha, ili umajimaji upenye kidogo kidogo bila kumwagika. Ndani tia mrututu uliokorogwa kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Soma kibandiko cha chupa, maana dukani huwekwa rafu moja na asidi ya betri, na asidi hatuitaki. Endelea kuongeza mrututu mpaka chembe zibaki chini bila kuyeyuka. Chembe zikiisha siku yoyote, ongeza. Juu tumbukiza ufito wa shaba uliosuguliwa kwa msasa ukang'aa, uzibe, utoe waya. Ufito uwe shaba tupu, kwa mfano waya mnene wa kebo ya zamani. Usitumie ile fimbo ya kuzikwa ardhini kwa ajili ya umeme: nyingi ni chuma kilichopakwa shaba, na zitakudanganya.

Ukiweza tengeneza mbili. Zikutanishe vizibo vyake kwenye sponji moja yenye maji na upime kati yake. Zikitofautiana zaidi ya milivolti 10, mojawapo ina kasoro.

Mrututu ni sumu kwa samaki. Mabaki yasimwagwe baharini wala kisimani.

Hatua ya 1: Uliza historia

Kabla ya nyundo, kaa na mwenye nyumba. Zege lilimwagwa mwaka gani? Mchanga ulitoka wapi? Maji yalikuwa ya mfereji, ya kisima, au kisima chenyewe kilikuwa na chumvi? Nondo zilivushwa kwa mashua na zikalala ufukweni kwa muda gani kabla ya kufungwa? Pamewahi kurekebishwa?

Swali la maji lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloraidi kwa lita. Mita moja ya ujazo ya zege ikikorogwa kwa lita 180 za maji hayo na kilo 330 za simiti, umeshatia kilo 3.4 za kloraidi, yaani asilimia 1 ya simiti. Kiwango ambacho wahandisi wengi huanza kuingiwa na wasiwasi ni asilimia 0.4. Nyumba hiyo imezaliwa na ugonjwa, hata kama iko mbali na ufuo. Na kuonja mchanga kwa ulimi si kipimo.

Hatua ya 2: Tazama na uchore

Chora ramani ya sehemu unayochunguza kwenye karatasi: slebu, bimu, nguzo, ngazi. Tia alama ya kila ufa, doa la kutu, zege lililobanduka na mahali maji yanapovuja. Angalia hasa ukingo wa baraza unaopigwa na upepo wa kusi, chini ya tangi la maji, sakafu ya bafu ikitazamwa kutoka chini, na mguu wa nguzo pale unyevu wa ardhi unapopanda.

Ufa wa kutu hufuata nondo. Ukiona nyufa zilizonyooka zinazokwenda sambamba, zikiachana kwa umbali ule ule ambao fundi hufunga nondo zake, hiyo ni ishara kubwa. Nyufa za plasta hutawanyika ovyo, hazina mwelekeo. Doa dogo la hudhurungi lililojitenga, lisilo na ufa, mara nyingi ni ncha ya waya wa kufungia au msumari uliobaki kwenye mbao za kumwagia zege. Usimtie mtu hofu kwa msumari.

Hatua ya 3: Gonga

Gonga kwa nyundo nyepesi kila baada ya sentimita 20 hivi. Zege zima hutoa mlio mkali, mfupi. Zege lililoachana na nondo hutoa mlio mzito wa uwazi, na mkono unasikia nyundo haidundi. Zungushia chaki eneo lote lenye mlio huo.

*Kosa la kawaida:* kugonga plasta na kudhani umegonga zege. Plasta iliyobanduka ina mlio huo huo. Mahali pa shaka bandua plasta kipande cha kiganja kimoja, ugonge tena juu ya zege lenyewe. Kuna watu wameambiwa slebu imeoza, kumbe ni plasta tu iliyopigwa juu ya zege lisilonyunyiziwa maji.

*Onyo:* ukigonga chini ya baraza, simama pembeni. Vipande vinavyoning'inia viangushe kwanza kwa mti mrefu. Baraza iliyolegea itegemezwe kwa nguzo za mbao kabla ya mtu yeyote kupita chini yake, hata wewe.

Hatua ya 4: Pima kava

Kava ni unene wa zege kutoka juu hadi kwenye nondo, plasta haihesabiwi. Kwa kifaa cha kutafuta nondo, pitisha polepole, tia alama mistari ya nondo kwa chaki, na uandike kava ya kila mstari. Huna kifaa? Utaipima kwenye dirisha la hatua ya 5, ila utapata sehemu chache.

Kwa zege linalokabili bahari, milimita 50 ni kava ya kiasi, si anasa. Ukikuta 15 au 20, na utakuta, basi umeshajua nusu ya habari. Kisa chake karibu kila mara ni nondo zilizolazwa juu ya mbao bila vitofali vya kuzinyanyua, au zilizokanyagwa wakati wa kumwaga.

Hatua ya 5: Fungua dirisha la kwanza

Dirisha ni shimo la sentimita 15 kwa 15, la kukufikisha kwenye nondo moja. Hili la kwanza lifungue kwenye zege ambalo bado ni zima. Litafanya kazi mbili: kukuunganisha na nondo kwa umeme, na kukupa kipimo cha kulinganishia. Zima umeme wa nyumba kwanza, kwani ndani ya slebu hupita mabomba ya nyaya. Usichimbe nguzo pande mbili kwa wakati mmoja. Na ukiwa ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, pitia kwanza kwa watu wa Makumbusho kabla ya kuvunja chochote.

Mara tu unapovunja, kabla zege halijakaa hewani, futa vumbi kwa brashi kavu na upulize fenoftalini kwenye ukuta wa shimo. Penye alkali patageuka rangi ya waridi iliyokolea. Ambapo hewa ya kaboni imefika patabaki rangi ile ile ya zege. Pima kwa milimita kutoka nje hadi mstari wa waridi unapoanzia, sehemu nne au tano, andika wastani na kina kikubwa kuliko vyote.

Kina hicho hakiongezeki kwa mwendo mmoja. Ili kiwe maradufu kinahitaji muda mara nne. Nyumba ya miaka 16 yenye kina cha milimita 12 na kava ya 24 itafikiwa nondo zake ikiwa na miaka 64 hivi, endapo hali itabaki ilivyo. Mara nyingi hesabu hii humpa mwenye nyumba usingizi. Lakini ni hesabu ya hewa peke yake, chumvi haimo.

*Kosa la kawaida:* kupulizia uso uliokatwa kwa mashine au shimo lililojaa vumbi la drili. Vumbi la ndani hupaka kila mahali na shimo zima linageuka waridi. Uso uwe wa kuvunjwa. Tena spiriti inashika moto, sigara ikae mbali.

Hatua ya 6: Chora ramani ya milivolti

Hapa ndipo watu wengi huogopa, na hapa ndipo pana faida kubwa kuliko hatua zote, kwa sababu unaiona kutu kabla zege halijapasuka.

1. Isugue nondo ya dirisha la kwanza mpaka ing'ae, uibane kwa klipu ya mamba. Klipu iliyobana juu ya kutu haina maana.
2. Hakikisha nondo zimeungana. Kama kuna nondo nyingine iliyo wazi upande wa pili, pima ukinzani kati ya hizo mbili. Ukipata chini ya omu 1, zimeungana. Zaidi ya hapo, huenda slebu ile na bimu hii zina vyuma vilivyoachana, na kila moja itahitaji dirisha lake.
3. Waya wa nondo uchomeke upande chanya wa mita, wa elektrodi upande hasi. Weka mita kwenye milivolti za mkondo mnyoofu (DC). Namba zitatoka hasi, ndivyo inavyotakiwa.
4. Chora viboksi vya chaki vya sentimita 30 hadi 50. Rangi, vigae na dawa ya kuzuia maji viondolewe pale elektrodi itakapokanyaga. Plasta nzima iliyoshikana inaweza kubaki, lakini andika kwamba ilikuwepo.
5. Lowesha kila alama kwa sponji. Maji yawe ya mfereji, na utie sabuni ya maji kidogo, kama kijiko kimoja cha chai kwa lita. Maji ya bahari hayaruhusiwi hata kwa dharura.
6. Shikilia elektrodi kwenye alama moja dakika 5. Namba ikitembea zaidi ya milivolti 20, zege bado ni kavu, ongeza maji na usubiri. Ikitulia, endelea na alama zote, ukiandika kila namba mahali pake kwenye ramani.
7. Alama mbili jirani zikitofautiana kwa zaidi ya milivolti 150, gawanya viboksi hapo katikati viwe vidogo.

Kwa elektrodi ya shaba na mrututu, kipimo cha Kimarekani cha ASTM C876 husomwa hivi:

- Juu ya −200 (yaani −150, −90 na kuendelea): uwezekano wa kuwa hakuna kutu inayofanya kazi ni zaidi ya asilimia 90.
- Kati ya −200 na −350: haijulikani, usijitie uhakika.
- Chini ya −350 (−400, −480): uwezekano wa kuwa kutu inafanya kazi ni zaidi ya asilimia 90.

Wanaoanza hushikilia mipaka hii kama sheria. Mimi hutazama kwanza mteremko. Tuseme mstari mmoja wa baraza unasoma −140, −160, −170, −330, −410, −350, −190. Ile −330 peke yake iko kwenye «haijulikani», lakini kuruka kutoka −170 hadi −330 ndani ya nusu mita kunakwambia kuna shina la kutu pale penye −410, na jirani zake ndio wanaolilisha. Hapo ndipo pa kufungua dirisha la pili. Ukikuta mstari mwingine mzima uko kwenye −260, −270, −255, bila kuruka, huo unaweza kusubiri.

Joto letu hupotosha kidogo. Kipimo hiki kiliwekewa nyuzi 22 hivi, na elektrodi hubadilika kama milivolti 0.9 kwa kila nyuzi. Ukiwa kwenye nyuzi 32 ni milivolti 9 tu. Iandike, usiihangaikie. Ila elektrodi isikae juani, ifunge kitambaa cha maji.

Hatua ya 7: Madirisha mengine

Fungua sasa pale ramani inapokuita: kwenye shina lenye namba hasi kuliko zote, na penye namba ya katikati. Ukiwa na lile la kwanza, la zege zima, unazo hali tatu za kulinganisha. Mtu anayefungua palipopasuka tu ataona kutu kila mahali na ataishia kuvunja slebu yote.

Rudia fenoftalini katika kila dirisha. Kisha itazame nondo vizuri kabla ya kuisugua. Iliyoliwa kwa sababu ya hewa ya kaboni huvaa kutu ya hudhurungi iliyoenea sawasawa pande zote, inayobanduka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Iliyoliwa na chumvi huwa na vishimo: sehemu imeliwa hadi ndani, na sentimita 5 kando chuma kina rangi yake. Ndani ya kishimo kibichi utaona uji mweusi au wa kijani kibichi ambao, ukiutazama dakika chache, hugeuka hudhurungi mbele ya macho yako. Piga picha kabla haujageuka.

Hatua ya 8: Chukua vumbi la chumvi

Chumvi haipimwi kwa macho. Toboa kwa drili yenye ncha ya milimita 20 au zaidi. Milimita 5 za mwanzo zitupe. Kisha kusanya vumbi la milimita 5 hadi 25 katika mfuko mmoja, 25 hadi 50 katika wa pili, 50 hadi 75 katika wa tatu. Safisha shimo kwa kupuliza kabla ya kila tabaka. Toboa mashimo mawili au matatu yaliyo karibu ili upate gramu 30 kwa kila kina. Andika mfuko kabla hujaujaza, maana baada ya hapo vumbi lote ni moja.

Peleka maabara ya vifaa vya ujenzi Mombasa, uombe kloraidi inayoyeyuka kwa asidi. Ukipewa jibu, uliza: ni asilimia ya zege au ya simiti? Mtego mkubwa uko hapa. Zege la kawaida lina simiti kama asilimia 14 ya uzito wake. Jibu la 0.08 ya zege ni 0.08 gawanya kwa 0.14, yaani 0.57 ya simiti, na hilo limevuka 0.4. Asiyeligawanya atafurahia bure.

Sasa linganisha kina kwa kina. Ikiwa nje ni nyingi na inapungua kuelekea ndani, imeletwa na upepo na mawimbi. Ikiwa ni sawa kuanzia nje hadi ndani kabisa, iliingia na mchanga au maji siku ya kumwaga, na hapo hakuna rangi wala dawa ya kupaka nje itakayoitoa.

Hatua ya 9: Pima chuma kilichobaki

Sugua nondo hadi chuma safi. Pima kwa kalipa sehemu nyembamba kuliko zote, kwa pande mbili, na upime pia sehemu nzima ya nondo hiyo hiyo. Nondo zenye mbavu zipimwe kati ya ubavu na ubavu katika vipimo vyote viwili, usichanganye. Vishimo vipime kina kwa sindano au kwa ulimi wa kalipa.

Nguvu ya nondo hufuata eneo la mkato, si kipenyo. Nondo ya 12 iliyobaki 10.5 imepoteza asilimia 23. Ya 10 iliyobaki 9 imepoteza 19. Watu husikia «imepungua milimita moja tu» wakaona si kitu.

Hatua ya 10: Zisome kwa pamoja

Andika kila dirisha kwenye mstari mmoja: kava, kina cha kaboni, milivolti, chumvi kwenye kina cha nondo, kipenyo kilichobaki. Andika pia msimu, maana zege la wakati wa masika na la kaskazi kavu hayasomi sawa.

Kaboni ikiwa imeipita nondo na chumvi ni kidogo, tatizo ni kava na ubora wa zege, na marekebisho ya sehemu kwa sehemu hudumu. Chumvi ikiwa nyingi, kupiga kiraka palipopasuka tu hakudumu. Zege jipya huilinda nondo iliyo ndani ya kiraka, na kutu inahamia pembezoni mwake. Ndiyo maana utaona kiraka kizuri kimezungukwa na pete ya nyufa mpya. Hilo ndilo jibu la «si nipige plasta tu?». Na popote nondo ilipopoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mkato wake, mimi husimamisha kazi na kumwita mhandisi.

Kuna vifaa vingine vya mkopo: cha sindano nne kinachopima ukinzani wa zege, na kinachopima mwendo wa kutu. Kile cha kwanza kikisoma zaidi ya kiloomu-sentimita 20 (kΩ·cm), kutu haina haraka. Chini ya 5 inakimbia. Cha pili kikitoa maikroampia 1 kwa sentimita ya mraba, chuma kinapungua kama milimita 0.0116 kwa mwaka kwa wastani, lakini kwenye kishimo cha chumvi mwendo ni mkubwa zaidi. Anayeanza hana haja navyo.

Mambo yakikataa

*Namba haitulii.* Kizibo cha elektrodi kimekauka, au zege ni kavu, au kuna rangi iliyobaki. Anza na kizibo.

*Namba ni ile ile kila mahali, karibu na sifuri.* Klipu haijashika nondo. Huenda umebana kipande cha waya wa kufungia ambacho hakigusi kitu.

*Namba ni chanya.* Mara nyingi nyaya zimegeuzwa kwenye mita. Zikiwa sahihi, lowesha upya na upime tena.

*Nguzo ya gati inasoma −700 lakini haina ufa.* Zege lililozama majini halina oksijeni. Namba huwa hasi sana bila kutu ya maana. Mipaka ya hatua ya 6 haitumiki chini ya mstari wa maji. Tazama zaidi sehemu inayolowa maji yakijaa na kukauka yakitoka.

*Milivolti ziko juu ya −200 lakini nondo imeoza.* Kama ulipima juu ya zege lililoachana na nondo, umepima hewa iliyo katikati. Zege lililoliwa na kaboni na kukauka nalo husoma hivi. Macho yako ndani ya dirisha yana haki kuliko mita.

*Fenoftalini haigeuki popote.* Ijaribu kwenye simiti mbichi. Isipogeuka, dawa ni mbovu. Ikigeuka, kaboni imepita hadi ulipochimba. Chimba zaidi.

*Waridi kila mahali, na nondo ina kutu.* Hiyo ni chumvi. Rudi hatua ya 8.

*Nondo ni za kupakwa zinki au plastiki.* Ramani ya milivolti haina kazi hapo. Baki na nyundo, madirisha na vumbi.

*Mwenye nyumba hataki shimo lolote.* Mwambie: «Bwana, shimo la kiganja ninalifunga leo leo kwa simiti nzuri na mchanga usio na chumvi.» Akikataa bado, fanya hatua nne za mwanzo, andika kwenye ripoti kwamba nondo haikuonekana, na usitie neno lolote kuhusu kipenyo kilichobaki.